Mabomba ya Hewa ya Maman Espérance

Nyinyi vijana mnapenda kunipigia simu Jumapili baada ya misa, maana mnajua nimekaa. "Tonton Stany, kuna watu wamepiga kengele, wanasema mabomba ya hewa ya appartement yetu ni machafu. Tukubali wasafishe?" Nami nakawia kujibu, mpaka mnadhani uzee umeniziba masikio. Nasikia vizuri. Ila kila mkiniuliza swali hilo namwona mama mmoja amesimama mlangoni kwake, mtaa wa Molenbeek, taulo ya jikoni begani, ananiuliza neno hilo hilo, na mimi namjibu vibaya. Leo nitawaeleza habari yake, mjue ninachofikiria ninaponyamaza.

Mimi ni mtu wa Likasi, kule Katanga. Nyumbani nilikuwa fundi umeme. Hapa Brussels nilipokelewa na kazi ambayo sikujua kama ipo duniani: kusafisha mabomba yanayopitisha hewa ndani ya nyumba za watu. Nimeifanya mpaka magoti yalipokataa ngazi. Kwa asiyejua, nyumba za huku hufungwa kila upande kwa sababu ya baridi, na mvuke wa kupika, wa kuoga, wa nguo zinazokauka, hata wa pumzi za wanaolala, hauna pa kwenda. Kwa hiyo jikoni, bafuni na chooni kuna tundu lenye kifuniko cha duara. Nyuma yake kuna bomba la bati linalopanda mpaka kwenye paa, na huko juu feni inavuta. Hewa mpya inaingia kwa vijitundu vyembamba vilivyo juu ya madirisha. Sisi Wakongo tuliokuwa kazini mabomba hayo tuliyaita tiyo, kama tulivyoita bomba lolote kule kwetu.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Berchem-Sainte-Agathe, jina lake Jef. Tangu ujana wake alikuwa akisafisha mabomba ya moshi, na alikuwa na kikohozi kilichotangulia kufika kabla yake. Siku zangu za kwanza nilidhani ni mvivu. Tukiingia nyumba ya mteja hagusi sanduku la vyombo. Anatembea. Ananusa. Anauliza wanapika nini, nguo wanaanika wapi, mlango wa bafu unafungwa au unaachwa wazi. Anasogeza kochi la watu kana kwamba ni lake. Mwisho kabisa ndipo anatoa kipande kimoja cha karatasi ya chooni mfukoni na kukibandika kwenye tundu. Kikishika, tundu linavuta, naye anaitikia kwa kichwa kuridhika. Kikianguka, anasema, "Sasa tutafute sababu, tusitafute kazi."

Sababu mara nyingi ilikuwa ndogo tu. Feni imezimwa na mtu aliyechoka kelele zake. Mlangoni pamewekwa zulia nene, hewa haina pa kupita chini. Au kifuniko kimejaa mafuta ya kukaangia. Jef anakitoa, anakiosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo kwenye sinki la mteja mwenyewe, anakirudisha, anaaga. Patron wetu, mwenye kampuni, hakumpenda hata kidogo kwa tabia hiyo.

Msidhani mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mashine yetu ilikuwa pipa lenye injini, na ilikuwa na midomo miwili, mmoja wa kuvuta na mwingine wa kupuliza. Siku moja tulikuwa karibu na uwanja wa Flagey, kwa madame mmoja mwenye makochi meupe, mapazia meupe na kijibwa cheupe. Jef yuko juu ya ngazi, mimi niko chini, nikachomeka mpira kwenye mdomo usio wake, nikawasha. Vumbi la miaka yote liliteremka jikoni, likapita sebuleni, likatua. Kijibwa kilitoka chini ya meza kimekuwa rangi ya jivu, kikapiga chafya mara mbili, kikaenda kujificha. Jef alishuka polepole akaniambia, "Haya, tumejua mambo mawili. Bomba lilikuwa chafu, na wewe jana hukunisikiliza." Tulisafisha nyumba ile siku mbili. Madame hakutufukuza. Miaka iliyofuata alikuwa akiniulizia kama "yule bwana aliyempaka mbwa wangu rangi."

Siku hizo nazitamani. Nakumbuka hata harufu ya lile gari letu, bati na kahawa ya chupa, na Jef akilalamika kwamba naendesha kama nabeba mayai.

Halafu kulikuja majira ya baridi ambayo Jef aliumia mgongo, akabaki nyumbani. Nikapewa gari peke yangu. Patron aliniita ofisini. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionishinda: "Stanislas, nyumba zote ni chafu, sivyo? Ukifungua tundu lolote utakuta vumbi. Mwonyeshe mteja. Macho yake yatafanya kazi iliyobaki." Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Mke wangu Béatrice na watoto wetu wawili walikuwa bado Likasi, na ili waje nilitakiwa kuonyesha kazi ya kudumu. Kila Jumamosi nilinunua kadi ya simu kwenye duka la pembeni, nikakwangua namba, nikampigia. Anaanza kila mara na swali moja, "Karatasi iko wapi?" yaani kibali chao cha kuja. Sikutaka kumjibu tena kwamba bado.

Maman Espérance alikuwa mtu wa Bukavu. Alifanya kazi ya kutunza wazee kwenye makao yao, na tuliimba pamoja kwaya moja, yeye sauti ya kwanza, mimi besi. Alikuwa anamlea binti yake Neema, miaka minane, peke yake. Alipopiga simu ofisini aliomba nitumwe mimi.

"Papa Stany, karibu," alisema mlangoni, na ile taulo begani. "Mutoto anakohoa tangu mwezi wa kumi. Docteur amesema tuangalie hewa ya nyumba. Kuna bantu balipita hapa, banasema ni hizi tiyo. Alors nikasema, bon, niite muntu wa kwetu, yeye ataniambia kweli."

Niliingia jikoni. Nilitoa karatasi, nikaibandika kwenye tundu. Ilishika barabara. Bafuni, ikashika. Chooni, ikashika. Kwa kipimo cha Jef kazi ya mabomba ilikuwa imekwisha pale, nilipaswa kuanza kunusa na kusogeza vitu. Badala yake nikafungua kifuniko cha jikoni, nikawasha taa ndogo, nikamwita. Ndani kulikuwa na vumbi la kijivu, laini, kama lilivyo katika kila bomba la kila nyumba mjini humu.

Aliziba mdomo kwa mkono. "Hii yote mutoto anavuta?"

Vijana, kwenye kazi zote kuna dakika kama hiyo, na huwa haipigi honi. Jibu nilikuwa nalo. Hewa ya tundu lile inatoka nje, hairudi. Vumbi lililoganda humo haliwezi kumfikia mtoto kitandani. Jibu hilo lingechukua muda mfupi kuliko kukirudisha kifuniko. Nilimwambia, "Maman, ingefaa kusafisha."

Nilipomtajia bei aliikunja ile taulo mara mbili. "Nilikuwa naweka kidogo kidogo ya kwenda Bukavu mwezi wa sita," alisema. "Mama yangu ameniambia nimupelekee Neema, macho yake yanaisha, anataka kumuona vizuri mbele hayajafunga." Kisha akachukua kalamu. "Bon. Mutoto kwanza. Mama atangoja."

Wiki iliyofuata nilisafisha mabomba yale kuliko nilivyowahi kusafisha mengine yoyote. Nilipitisha brashi mara tatu pale ambapo moja ingetosha. Alinipikia bugali na sombe, majani ya muhogo, na samaki, nikala, na chakula kilikuwa kizuri, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Neema hakuacha kukohoa. Mwezi wa kwanza, Jumapili moja, Maman Espérance hakuonekana kwaya. Mtu akasema mtoto amelazwa, alishindwa kupumua. Alitoka hospitali baada ya siku nne. Mimi siku hizo nne sikulala sawasawa. Siku ya tano nilipanda tramu mpaka kwa Jef.

Nilimkuta amekaa wima kwenye kiti, mshipi wa mgongo umemfunga kama mtoto mchanga. Nilimweleza yote, hata ile karatasi iliyoshika. Sikumpamba patron wala sikujipamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja.

"Chumba anacholala mtoto, ulisogeza kabati?"

"Hapana."

Akasimama kwa shida, akachukua koti.

Maman Espérance alitufungulia kwa uso wa mtu aliyekesha. Jef alivua kofia, akajitambulisha, akaomba kuona chumba cha mtoto. Pale mlangoni tu alisimama akanusa, na mimi nikanusa, na nilijua. Ilikuwa harufu ya kikapu cha viazi kilichosahauliwa. Juu ya dirisha, vile vijitundu vya kuingizia hewa vilikuwa vimezibwa kwa vipande vya kitenge, vimesokotwa vizuri, kwa mkono wa mama anayeogopa mtoto asipate baridi. Kamba ya nguo mbichi ilikuwa imetoka ukuta hadi ukuta, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuanika. Chumba chenyewe hakikuwa na tiyo hata moja. Jef akanionyesha kabati kwa kidevu. Nilishika upande, nikavuta. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kwa ukungu kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti, mweusi kama kitako cha sufuria, na kichwa cha kitanda cha Neema kilikuwa hatua moja kutoka pale.

"Si kosa lako, madame," Jef alimwambia. "Baridi ya hapa inatushinda hata sisi tuliozaliwa nayo. Kila mtu anaziba. Mama yangu aliziba."

Maman Espérance aliangalia ukuta. Kisha akauliza, kwa Kifaransa, ili wote tuelewe, "Na ile kazi ya mabomba?"

Jef alinitazama mimi.

"Haikusaidia kitu, maman," nilisema.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakupaza sauti. Alipanda juu ya kitanda, akatoa vile vipande vya kitenge kimoja kimoja, akavikunja, akavipanga kwenye mto. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Neema iko kwa jirani. Sitaki akukute hapa. Murudi siku ingine, mufanye hii ukuta."

Tulirudi Jumamosi. Jef hakuweza kuinama, kwa hiyo alikaa kwenye kiti akatoa amri. Nilibandua karatasi ya ukutani, nikaosha, nikakausha, nikaosha tena, nikapaka rangi. Kabati tuliliacha mbali na ukuta upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma. Kamba ya nguo tuliihamishia bafuni, chini ya tundu linalovuta. Majuma yalipita na kikohozi kikapungua, kisha kikaondoka. Mimi si daktari, sisemi ni ukuta peke yake. Nasema tu kilichotokea.

Mwezi wa sita ulifika, akiba ya safari ilikuwa haijatosha. Mwezi wa nane mama yake alifariki Bukavu.

Matanga yalikaliwa kwenye salle, ule ukumbi wa parokia. Nilikwenda, nikakaa nyuma karibu na makoti. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, mengine ya Kifaransa, mengine ya Biblia. Ilipofika zamu yangu ya kumpa mkono nikafungua mdomo, naye akanizuia. "Papa Stany, leo usiseme. Kaa, ukule, kama bengine." Nikakaa. Baadaye aliacha kwaya, akahama parokia. Tukikutana sokoni tulisalimiana kama watu wanaosalimiana.

Mwisho wa mkataba niliondoka kwa yule patron. Msinisifu, maana aliyelipa zaidi si mimi. Béatrice na watoto walingoja karibu miaka miwili zaidi. Mwanangu mdogo aliota meno ya mbele bila mimi kuyaona yakiota, na walipotua kwenye uwanja wa ndege wa Zaventem alinipa mkono kama anavyopewa mwalimu mpya. Nilijifunza hapo kungoja kunafananaje kwa yule anayengoja. Mgongo wa Jef ulipopona kidogo tulianzisha kazi yetu, watu wawili na gari moja bovu. Tulikuwa tunakwenda kwanza kutazama tu, na nyumba nyingi tuliziacha bila kugusa bomba.

Kwa hiyo mnaponiuliza, hivi ndivyo ninavyofikiri kimoyomoyo. Vumbi kwenye kifuniko si sababu, kioshe mwenyewe. Mtu aliyepiga kengele bila kuitwa si sababu. Anayekuonyesha picha ya bomba chafu kwenye simu yake, mwombe akupigie picha ya lako, hapo hapo, kidole chako kikiwa ndani ya picha. Anayetaja bei kabla hajavua koti, mwache alivae vizuri aende. Anayetaka kupuliza dawa yenye harufu ya limau ndani ya tiyo, mwambie limau unalo jikoni. Ila usifunge mlango kwa kila mtu. Kama karatasi inaanguka na feni inafanya kazi na kifuniko ni safi, ita fundi. Kama panya wamepita humo, au maji yameingia, ita. Na zile nyumba mpya zenye mashine inayotoa hewa chafu na kuingiza hewa mpya kwa mabomba mengine, hizo ni habari tofauti: badilisha vichujio kama kitabu chake kinavyosema, na mabomba ya kuingiza yatazame sana, maana hiyo ndiyo hewa unayoivuta. Lakini kwanza sogeza kabati. Bado nawaambia hivyo kwa sauti ya Jef, naye amelala kaburini Berchem miaka mingi sasa. Nikipita na tramu pale bado nageuka kuangalia kama kuna mtu mwenye kofia.

Mwaka mmoja kabla sijaacha kazi, simu iliita. Sauti ya msichana mkubwa. "Tonton Stany? Ni Neema. Mama anauliza kama ungali unafanya ile kazi."

Walikuwa wamepata appartement Berchem, jengo jipya kabisa. Kila asubuhi walikuta unga mweupe juu ya meza na mito. Nilikwenda nikiwa na hofu ya mwanafunzi. Maman Espérance alikuwa amepata mvi, anavaa miwani. Alinikaribisha kwa heshima, akasimama mkono kwenye mlango wa jikoni. Nilizunguka vyumba vyote. Nilivuta makabati, kuta zilikuwa kavu. Vichujio vilikuwa vipya. Kisha nikapanda ngazi sebuleni, nikafungua tundu la kuingiza hewa, na humo ndani wajenzi walikuwa wameacha plasta iliyosagika, vipande vya boksi, na karatasi ya mkate wa mtu. Safari hii mabomba yalihitaji kusafishwa kweli, na maneno ya kumwambia yalikuwa yale yale niliyomdanganya nayo.

"Uko unaona nini?" aliuliza.

"Panda uone mwenyewe, maman. Nitashika ngazi."

Alivua viatu, akapanda. Aliingiza kidole, akakitoa, akakisugua na kidole gumba. "Hii ni hewa yenye kuingia ao yenye kutoka?"

"Yenye kuingia."

Nilikuwa naona nyayo zake tu, na soksi zilizotoboka kidole kimoja. "Bon," alisema mwishowe. "Usafishe."

Kazi ilichukua siku nzima. Nilipomaliza aliweka chai mezani, akakaa upande wa pili. Neema alikuwa chumbani kwake na vitabu. Tulikunywa. Halafu, bila mimi kuuliza, akaanza kuongea juu ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yangu.

"Nyumba yetu ya Bukavu iko ku mulima," alisema. "Baridi ya ziwa inapanda mpaka ndani. Bantu bote banafunga. Mama hakufunga dirisha, hata mvua. Dada yangu alikuwa anamuuliza, mama, unataka kufa na baridi? Anajibu, niache, nataka nisikie kama Espérance iko anafika."

Alinyanyuka na kikombe chake, akaenda dirishani, akalifungua lote. Nje tramu ilikuwa inapita na watu walikuwa wanarudi na mifuko. Kwa kazi yangu nilipaswa kumwambia kwamba nyumba yenye mashine ya namna ile haihitaji dirisha wazi, kwamba linaharibu hesabu ya hewa. Baridi ikaingia, ikatukuta na vikombe mkononi, na hakuna kati yetu aliyekwenda kulifunga.